Senti kumi zimeenda wapi?

Najua niliahidi kumalizia ile habari ya seva, lakini seva zitangoja. Leo naomba niwachoshe kidogo na hisabati, tena ile hisabati ambayo wengi wetu tuliisoma chuoni usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau kesho yake. Sababu ninayo. Ni mama mmoja mweka hazina na senti zake kumi.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kutunza hesabu za chama kimoja cha akina mama, wanachama 30. Haikuwa kazi kubwa: michango, mikopo, riba, na ripoti ya kuchapisha mwisho wa mwaka. Mwaka ulipoisha faida ya kugawana ilikuwa shilingi 100,000 kamili (kilichozidi walikuwa wameshakinywea soda). Nikachapisha orodha. Kila mwanachama 3,333.33, na chini kabisa, kwa herufi nzito, jumla ya 100,000.00. Nikajiona fundi.

Mama akatoa kikokotoo chake, akajumlisha mstari kwa mstari. Akarudia. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Kijana wangu, mimi hapa napata 99,999.90. Senti kumi zimeenda wapi?"

"Mama, hizo ni senti tu," nikamjibu. "Ni mambo ya kompyuta."

Lile jibu nalijutia mpaka leo. Maana ndipo nilipoambiwa jambo ambalo sikuwa nalijua: tangu katikati ya mwaka kurasa za mikopo zilikuwa zikipishana na kitabu kwa senti hapa, shilingi pale, na aliyekuwa akiangaliwa kwa jicho baya ni karani wao, binti mdogo aliyekuwa akiingiza hesabu. Hakuna aliyemwambia wazi, lakini funguo za kabati alikuwa ameshanyang'anywa. Na mwizi hakuwa binti yule. Alikuwa ni mimi, au tuseme alikuwa ni aina ya nambari niliyoichagua bila kufikiri.

Hilo ndilo neno langu la leo. Unapochagua aina ya nambari ndani ya programu, unachagua kundi. Nasema kundi kwa maana ya hisabati. Na ukishachagua kundi, kuna maswali ambayo tayari yamejibiwa, upende usipende, na kuna mengine ambayo hayatajibiwa na mashine yoyote mpaka mtu akae chini aamue.

Tukumbushane kidogo. Kundi ni mkusanyiko wa vitu pamoja na njia ya kuviunganisha viwili viwili: ukiunganisha unabaki humo humo, kuna kitu kimoja kisichobadilisha lolote, kila kitu kina cha kukifuta, na haijalishi unaanza kuunganisha upande gani. Nambari nzima pamoja na kujumlisha ni kundi. Nambari zote za sehemu, yaani nambari nzima juu ya nambari nzima, nazo ni kundi. Chuoni tulikariri masharti hayo manne, tukachora majedwali ya makundi ya vitu sita, basi, tukaenda zetu. Utamu wenyewe uko katikati, kati ya nambari nzima na sehemu zote, na huko hatukupelekwa. Huko katikati ndiko tunakofanyia kazi kila siku.

Chukua kundi la sehemu ambazo namba ya chini ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Ukijumlisha mbili unapata nyingine ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo ni kundi kweli. Hilo ndilo kundi la nukta inayoelea, zile nambari za desimali ambazo karibu kila lugha ya programu inakupa bila kuuliza, kwa kanuni ya IEEE 754 iliyotoka mwaka 1985. (Wajuzi mtanisahihisha kwamba mashine ina biti 53 tu za kushikia nambari, kwa hiyo haifiki hata kuwa kundi. Ni kweli. Jaribu (0.1 + 0.2) + 0.3 halafu 0.1 + (0.2 + 0.3) uone majibu mawili tofauti. Lakini kundi hilo ndilo dari: hata ukiipa biti milioni, haiwezi kulipita.)

Sasa sehemu ya kumi, 0.1, namba yake ya chini ni 10, yaani 2 mara 5. Hiyo 5 haimo katika orodha. Kwa hiyo 0.1 haimo katika kundi. Siyo kwamba mashine ni dhaifu au kwamba mhandisi fulani alikuwa mvivu. Haimo, kama vile 7 haimo katika namba shufwa. Kinachohifadhiwa ni jirani yake, na ndiyo maana 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004.

Kuna watu waliolipia jambo hili kwa uhai. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lilianguka kwenye kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot uliotakiwa kulizuia ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, halafu programu ikazidisha hesabu hiyo kwa 0.1 iliyohifadhiwa kwa biti 24. Kosa la kila hatua lilikuwa dogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, lakini saa 100 ni hatua 3,600,000. Kosa likafika theluthi moja ya sekunde, na Scud katika muda huo inakwenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali ambapo kombora halikuwapo.

Nikirudi kwa senti zetu, najua msomaji mmoja ameshachoka kunisubiri: "Si utumie desimali halisi!" Python inayo tangu toleo la 2.4 mwaka 2004, Java ina BigDecimal yake, hifadhidata karibu zote zinayo. Sawa, tumia. Lakini jua ulichofanya. Umehama kutoka kundi moja kwenda jingine kwa kuongeza 5 kwenye orodha ya namba zinazoruhusiwa chini ya mstari. Sasa 0.1 imo, ndiyo. Theluthi moja haimo bado. Na sehemu ya thelathini, ambayo ndiyo tuliyoihitaji, haimo pia, maana 30 ina 3 ndani yake. Desimali isingeziokoa senti kumi za mama.

Hapa kuna kazi nzuri ya mwanahisabati Reinhold Baer ya mwaka 1937. Alionyesha kwamba kundi lolote lililo ndani ya nambari za sehemu unaweza kulieleza kwa orodha moja tu. Kwa kila namba tasa, 2, 3, 5, 7 na kuendelea, uliza: ndani ya kundi hili, naweza kuigawa 1 kwa namba hii mara ngapi? Jibu ni sifuri, au mara kadhaa, au bila mwisho. Nambari nzima zina sifuri kila mahali. Nukta inayoelea haina mwisho kwenye 2 na ina sifuri kwingine kote. Desimali haina mwisho kwenye 2 na 5. Sehemu zote hazina mwisho popote. Kisha Baer akasema: makundi mawili yana umbo moja iwapo orodha zao zinapishana kwenye namba chache tu zenye mwisho, na hapo zinapopishana tofauti ni ya mara chache, si ya bila mwisho.

Soma tena sentensi hiyo ukifikiria shilingi. Kundi la senti, yaani sehemu za mia, lina 2 kwenye namba tasa 2 na lina 2 kwenye namba tasa 5. Linapishana na nambari nzima mahali pawili tu, kidogo tu. Kwa hiyo ni kundi lile lile! Senti ni nambari nzima zilizovaa nguo nyingine. Ndiyo maana wazee wetu wa programu husema hifadhi pesa kwa senti, kwa nambari nzima, ukiweka nukta wakati wa kuchapisha tu. Siyo ujanja, hupotezi chochote. Na hata ukitumia nukta inayoelea kubebea nambari nzima, kama JavaScript inavyofanya, uko salama mpaka 9,007,199,254,740,992. Hizo ukizisoma kama senti ni zaidi ya shilingi trilioni 90. Chama chetu hakijafika huko.

Kinyume chake, kundi la nukta inayoelea na kundi la desimali hayana umbo moja, maana kwenye 5 moja ina sifuri na nyingine haina mwisho. Hakuna namna ya werevu ya kuweka desimali ndani ya ngozi ya nukta inayoelea bila kuharibu kitu. Miaka mingapi tumepoteza tukitafuta hiyo namna? Naona maswali yale yale kila wiki.

(Mkidhani basi mambo yote ya sehemu yamekwisha, ngojeni. Hiyo ni kwa nambari moja moja. Ukianza kuchukua jozi, makundi ndani ya jozi za sehemu, orodha nzuri kama ya Baer haipatikani, na mwaka 2003 Simon Thomas alithibitisha kwamba kila ukiongeza kipimo kimoja tatizo la kuyapanga linakuwa gumu zaidi kuliko lilivyokuwa. Nimejaribu kuisoma ile kazi. Nilifika ukurasa wa tatu.)

Kuna jambo jingine la msingi ambalo shule ya msingi ilitufundisha bila kulitaja jina. Ukipewa sehemu chache, hata ziwe za ajabu namna gani, daima utapata kipimo kimoja kinachozipima zote. Chukua 3/4, 5/6 na 7/10. Kipimo ni 1/60: zinakuwa 45, 50 na 42. Mtu wa makundi angesema kwamba kila kundi la sehemu linalozalishwa na vitu vichache lina umbo la nambari nzima. Mwalimu wetu wa darasa la sita alisema tafuta kigawe kidogo cha shirika. Ni kitu kimoja. Na kwa mwandishi wa programu maana yake ni hii: kama hesabu zako zina mwisho na unazijua mapema, kipimo kipo, kitafute, hesabu kwa nambari nzima, ulale.

Taabu inaanza pale hesabu zisipokuwa na mwisho. Hapo ndipo kurasa za mikopo za akina mama zilipoharibikia.

Riba ya chama ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka, na mimi kwa ujuaji wangu nikaihesabu kila siku, riba juu ya riba. Kila siku deni linazidishwa kwa 1 + 0.12/365. Ukifupisha unapata 9128/9125. Inaonekana ya upole. Lakini 9125 ni 5 mara 5 mara 5 mara 73, na 9128 haigawanyiki kwa 5 wala kwa 73, kwa hiyo hakuna kinachofutana. Siku ya kwanza namba ya chini ni 9125. Siku ya pili ni 9125 mara 9125. Nilipogundua kosa langu nilifurahia moduli ya sehemu ya Python (ipo tangu toleo la 2.6, mwaka 2008) nikasema sasa nitahesabu bila kosa lolote. Mkopo wa shilingi 1 baada ya siku 30 ulikuwa na namba ya chini yenye tarakimu 119. Baada ya mwaka, tarakimu 1,446. Kwa shilingi moja! Ni sahihi kabisa, na haina faida kwa mtu yeyote.

Kundi linalozalishwa na madeni hayo yote, siku baada ya siku, ni lile la sehemu ambazo namba ya chini imejengwa kwa 5 na 73 peke yake. Haliishi. Kipimo chochote utakachochagua, senti, sehemu ya elfu ya senti, utakachotaka, kesho deni litakipita. Na tazama programu iliyolizalisha: mistari miwili. Mmoja unasema ongeza shilingi, wa pili unasema zidisha kwa 9128/9125. Basi.

Hiyo ndiyo sehemu ya hisabati hii inayonisisimua kuliko zote. Mwaka 1962 Gilbert Baumslag na Donald Solitar waliandika kuhusu makundi yanayozalishwa na vitu viwili kwa kanuni moja tu. Lililo jepesi zaidi kulielewa lina hatua mbili: ongeza 1, na zidisha kwa 2, pamoja na kurudi nyuma kwa kila moja. Limejengwa kwa ghorofa mbili. Ghorofa ya juu ni nambari nzima za kawaida, zinazohesabu umezidisha mara ngapi. Ghorofa ya chini ni lile kundi letu la nukta inayoelea, sehemu zote za 2, 4, 8, 16. Kundi zima limezalishwa na vitu viwili, lakini ghorofa yake ya chini haiwezi kuzalishwa na vitu vichache, hata ukiorodhesha vitu milioni. Nje ni dogo, ndani halina kipimo. Makundi ya jamii hii, yaliyojengwa ghorofa juu ya ghorofa kwa vipande vya nambari za sehemu, hukubali kuhesabiwa idadi ya ghorofa zake (idadi hiyo imepewa jina la Kurt Hirsch) na haibadiliki ukiyakata vyovyote. Yana nidhamu yake. Lakini idadi ndogo ya ghorofa haikuambii kwamba ndani mna kipimo cha pamoja.

Ndiyo maana nabishana na wenzangu wanaosema senti zinazopotea ni hitilafu ya kurekebisha. Hitilafu unairekebisha ikaisha. Hii haiishi. Programu fupi ya riba inaishi ndani ya kundi lisilo na kipimo, pesa zinaishi ndani ya kundi lenye kipimo, na kutoka la kwanza kwenda la pili lazima kitu kikatwe. Swali ni nani anakata, lini, na kinachokatwa kinakwenda kwa nani. Ukinyamaza, mashine itakata yenyewe kwa kanuni usiyoijua, na lawama itamwendea karani.

Mnataka mfano wa kunyamaza? Soko la hisa la Vancouver lilianzisha faharasa yake mwaka 1982 ikiwa 1,000. Kila biashara ilipofanyika faharasa ilihesabiwa upya na tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta zikakatwa tu, zikatupwa, hata kama zilistahili kupandishwa. Mara maelfu kwa siku. Kufikia Novemba 1983 ilikuwa ikisoma 524.811. Walipohesabu vizuri wakapata 1,098.892. Soko lilikuwa limepanda, na kwa karibu miaka miwili watu walikuwa wakiambiwa linakufa.

Pia nawapa heko wale wanaotulazimisha kuamua. M-Pesa, ukiunganisha programu yako nayo, hupokea kiasi kwa shilingi nzima tu. Vijana wengi hulalamika. Mimi naona ni adabu: mlango unakwambia kipimo ni hiki, baki yako kaimalize nyumbani kabla hujabisha hodi.

Basi nilirudi kwa akina mama. Kwanza nilimwomba binti yule radhi mbele ya wote, na sitawaficha, ilikuwa ngumu kuliko programu yenyewe. Kisha tukakaa. Niliwaambia wazi kwamba 100,000 haigawanyiki kwa 30 na haitagawanyika hata wakininunulia kompyuta ya serikali. Wakicheza na senti zitabaki 10. Wakilipana kwa simu, kwa shilingi nzima, kila mmoja atapata 3,333 na zitabaki shilingi 10. Ziende wapi?

Walibishana nusu saa nzima. Mmoja alitaka ziingie kwenye mfuko wa matanga, mwingine akasema apewe mwenyekiti, wakacheka sana. Mwishowe wakaamua baki igawiwe shilingi moja moja kuanzia juu ya orodha, na mwaka unaofuata ianzie pale ilipokomea. Kwa riba wakasema ihesabiwe mara moja kwa mwezi, isogezwe kwenye senti iliyo karibu papo hapo, na deni jipya lianzie kwenye hiyo nambari iliyosogezwa, ile ile iliyo kwenye kitabu. Wakaandika yote mawili kwenye katiba ya chama. Nilipoandika upya msimbo, sehemu hiyo ilinichukua mistari 11, na hakuna nukta hata moja ndani yake.

Binti karani alirudishiwa funguo. Mama mweka hazina bado anajumlisha kwa kikokotoo chake kila ninapochapisha ripoti, mara mbili, na mimi nimejifunza kukaa kimya nikisubiri amalize.